Kochi la Zamani Linanuka Ukungu: Kinachonuka ni Nini, na Kinatoka Vipi Bila Kumdhuru Mtu

Ukirithi makochi ya nyanya Mji wa Kale wa Mombasa, au ukinunua seti iliyotumika kwa mtu anayehama Nyali, mara nyingi mbao huwa nzima, springi bado zina nguvu na bei imekupendeza. Linalokushinda ni harufu. Si harufu ya uchafu, maana kitambaa kimepigwa brashi na hakina doa. Ni ule uvundo wa chumba kilichofungwa tangu masika, unaokupanda puani kila ukiketi na kugandamiza takia. Hapo watu huanza: huyu amwagia manukato, yule afukiza udi, mwingine anunua kopo la dawa ya kupuliza. Siku mbili tatu nyumba hunukia. Ikinyesha usiku mmoja tu, uvundo umerudi palepale.

Harufu haifukuzwi kwa harufu. Uvundo wa kochi ni gesi inayotolewa na kitu kilichoota ndani yake, na kitu hicho kinaishi kwa unyevu. Ondoa unyevu, toa kilichokwisha kuharibika, na harufu itaisha. Shida ni kwamba Mombasa unyevu hauondoki kirahisi, na maelekezo mengi tunayosomewa yameandikiwa miji ambako nguo hukauka zenyewe ndani ya nyumba. Mtu huyafuata neno kwa neno, kochi likazidi kunuka, kisha akalitupa pamoja na fremu ya msaji ambayo leo hawezi kuinunua. Wengine hukimbilia dawa kali, na anayeumia ni mtoto au mgonjwa wa pumu anayelala sebuleni.

Kinachonuka

Vijimbegu vya kuvu, ndiyo huo ukungu au koga, vimo hewani kila mahali. Vimo kwenye vumbi la sebule yako sasa hivi, na hakuna atakayevimaliza. Ili viote vinataka chakula, joto na maji. Kwenye kochi chakula ni tele: pamba, gunia, gundi, mbao, na zaidi ya vyote vumbi, ambalo lina ngozi iliyopukutika, nywele na makombo ya miaka. Joto la Mombasa linavitosha mwaka mzima. Katika hivyo vitatu, kimoja tu ndicho unachoweza kukishika, nacho ni maji.

Kuvu ikila hutoa gesi. Mojawapo ni oktenoli, ndiyo inayoupa uyoga harufu yake. Nyingine ni jeosmini, ile harufu ya ardhi kavu iliyopata mvua, ambayo hutolewa hasa na bakteria wa udongo na pia na baadhi ya kuvu. Pua ya binadamu huinasa jeosmini hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni za hewa. Ndiyo maana kipande cha gunia kisichozidi kiganja, kilichoota koga chini ya kiti, kinatosha kuijaza sebule nzima. Basi usikadirie ukubwa wa uharibifu kwa ukali wa harufu. Kochi linalonuka vibaya sana huenda limeharibika mahali pamoja tu.

Lipo jambo jingine ambalo huwachanganya watu. Kuiua kuvu si kuimaliza. Vijimbegu na vipande vya kuvu iliyokufa vikipanda hewani bado vinaweza kumchokoza mwenye pumu au mzio, na gesi zilizokwisha kujipenyeza kwenye sponji huendelea kutoka polepole kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya “kuua ukungu papo hapo” hata akisema kweli amekufanyia nusu ya kazi. Kuvu hutolewa: hufagiliwa, hunyonywa kwa mashine, hukatwa na kutupwa pamoja na kile ilichoota juu yake.

Usidanganywe na rangi pia. Watu huiogopa ile nyeusi na kuipuuza nyeupe au ya kijani, ilhali rangi haikwambii ni ipi yenye madhara. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, halikuweka kiwango cha kuvu kinachohesabiwa kuwa salama. Lilichosema ni kwamba wanaokaa kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu, na dawa yake ni kuzuia unyevu wenyewe.

Hewa ya pwani na chumvi yake

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia fulani, maana yake ni kwamba hewa imebeba sehemu hiyo ya mvuke wote inaoweza kuubeba kwa joto lile. Usiku ukiingia joto hushuka. Mvuke ni uleule, lakini uwezo wa hewa kuubeba umepungua, kwa hiyo asilimia inapanda. Chumba kilekile saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ni vyumba viwili tofauti kwa kitambaa cha kochi.

Kuvu hustawi pale unyevu kwenye uso wa kitambaa au mbao unapokaa karibu na asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo. EPA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mazingira, hushauri unyevu wa ndani usizidi asilimia 60, na kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 kabla kuvu haijaota. Kwa nyumba ya Mombasa isiyo na mashine ya kukausha hewa, asilimia 60 utaikaribia mchana wa kaskazi, Januari na Februari, madirisha yakiwa wazi na upepo unapita. Usiku inapanda tena. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, huioni hata mchana.

Juu ya hayo kuna chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, mpaka inayeyuka yenyewe. Kila mtu aliyeacha kichupa cha chumvi wazi jikoni ameliona hili. Sasa tazama kochi la zamani: mikono yake imenyonya jasho la miaka, na jasho lina chumvi. Mahali pa kuegemeza kichwa ni vivyo hivyo. Upepo wa bahari unaleta chumvi nyingine kidogo kidogo. Na kama nyumba ni ya kuta za matumbawe, ukuta wenyewe una chumvi ndani ya mawe. Unyevu ukipita ile asilimia 75, na usiku hupita mara nyingi, sehemu hizo hujinywesha maji bila bomba kuvuja na bila tone la mvua kuingia. Mchana zinakauka nusu, usiku zinalowa tena. Ukipitisha kiganja kwenye mkono wa kochi asubuhi na mapema ukahisi ubaridi wa kunata ambao mgongoni mwa kochi haupo, unaigusa chumvi hiyo inavyofanya kazi.

Kwa sababu hiyo kochi lenye jasho la miaka linahitaji kutolewa chumvi, na chumvi haitoki kwa unga wala kwa harufu. Hutoka kwa maji. Na maji ndiyo tunayoyakimbia. Nitalirudia hili hapo chini, kwani ndipo kazi nyingi huharibikia.

Lipindue kwanza

Kabla ya kununua chochote, lipindue kochi. Wengi hawajawahi kuliona la kwao kwa chini. Utakuta kitambaa chepesi cheusi kilichopigwa pini za stepula. Chomoa pini upande mmoja tu kwa bisibisi bapa, ukikunje kitambaa nyuma, umulike kwa tochi ya simu. Utaona mikanda ya mpira au ya katani, springi, gunia lililotandikwa juu ya springi, kisha sponji au pamba. Springi zenye kutu zinakwambia unyevu umekaa humo muda mrefu. Alama za duara zenye ukingo wa kahawia kwenye gunia ni maji yaliyomwagika yakakauka. Koga yenyewe huonekana kama vumbi la kijivu, jeupe au la kijani linalopakaa kidoleni, na mara nyingi imejikusanya upande uliokuwa umeegemea ukuta.

Vaa barakoa wakati huo, tena ile nzito ya N95 kama unaipata, na fanya kazi hiyo nje. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua wasiwe karibu kochi linapofunguliwa.

Sehemu inayonuka hujulikana hivi. Vua matakia yote, toa foronya, kisha tia sponji ya kila takia kwenye mfuko wake wa plastiki, funga na uweke mahali penye joto usiku kucha. Kata kipande kidogo cha gunia na kipande cha pamba ya mgongoni, navyo uvitie kwenye mifuko yao. Foronya peke yake. Asubuhi fungua mmoja mmoja, unuse, upumzike, unuse mwingine. Utashangaa jinsi jibu linavyokuwa wazi. Mara nyingi ni matakia mawili katika sita, au ni gunia tu, na foronya zote hazina neno baada ya kufuliwa. Jaribio hili haligharimu kitu na linaokoa fedha nyingi kuliko dawa yoyote dukani.

Hakikisha pia kwamba ni kuvu kweli. Mkojo wa paka, wa panya au wa mtoto una ukali wake, na una tabia ya kurudi siku za mvua hata kama kitambaa kilisuguliwa, kwa sababu chembe za asidi ya mkojo haziyeyuki vizuri katika maji ya kawaida, na hewa ikiwa na unyevu huamka tena. Dawa yake ni ile ya vimeng'enya (viambato vinavyovunjavunja uchafu) inayouzwa kwa ajili ya wanyama wa nyumbani, na inataka kuachwa ilowe muda mrefu. Ukikuta vinyesi vya panya usivifagie vikiwa vikavu. Lowesha kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, vaa glavu, futa. Harufu tamu tamu ya kuchefua ikiandamana na vidoa vyeusi kama vya kalamu kwenye mishono ni kunguni. Kochi la kunguni lisiingie ndani kabisa mpaka limeshughulikiwa. Na ukiona vitundu vidogo kwenye mbao na unga mwembamba sakafuni, hao ni wadudu wa mbao, habari yao ni nyingine.

Kausha, kisha utoe vumbi

Kazi hii ina msimu wake. Ifanye wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni. Ikikubana miezi ya kusi, ngoja mvua kubwa ipite. Katikati ya Mei, kama huna chumba chenye ac, usifungue kochi lolote. Lifungue tu pale una siku tatu au nne za jua mbele yako.

Toa matakia nje saa tatu asubuhi umande ukishakauka, uyaingize ndani saa tisa au saa kumi, kabla jua halijalegea. Kosa la kawaida ni kuyaacha barazani usiku “yapigwe na upepo”. Upepo wa usiku wa pwani unayarudishia maji yote yaliyotoka mchana. Sponji isimamishe wima, usiilaze, ili hewa ipite pande zote. Jua husaidia kwa joto lake na hudhoofisha kuvu iliyo juu juu, lakini mionzi yake haifiki ndani ya sponji. Kinachokausha ndani ni hewa kavu inayotembea. Kwa hiyo kivuli chenye upepo mkali kinaweza kufaa kuliko jua kali lisilo na upepo, na kwa velveti na kwa mbao za zamani kivuli ni bora zaidi, kwani jua la adhuhuri hupausha rangi na kupasua mbao iliyozoea unyevu. Fremu iachwe ndani karibu na dirisha, imepinduliwa, na feni ikiielekea tumboni.

Mwenye ac ana nafasi nzuri. Mashine ile hukausha hewa inapoipoza. Funga matakia ndani ya chumba hicho, milango imefungwa, kwa siku kadhaa. Ila usipoze chumba mpaka kikawa baridi kupita kiasi kisha ukafungua mlango ghafla: hewa ya nje yenye mvuke ikigusa kitu baridi huacha maji juu yake, na kitu hicho ni kochi lako. Nyuzi 24 au 25 zinatosha. Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani si ghali, na kinakuondolea kubahatisha.

Sponji ikishakauka ndipo utoe vumbi. Ukipiga brashi kitu kilicholowa unakipakaza. Piga brashi nje, upepo ukikupiga mgongoni ili vumbi liende mbele. Mashine ya kunyonya vumbi ni nzuri zaidi ikiwa na kichujio cha hepa, kinachonasa hata chembe ndogo mno. Isiyo na kichujio hicho hunyonya vijimbegu mbele na kuvitema nyuma, kwa hiyo nayo itumie nje tu. Nyonya mishono, mikunjo, na ndani ya fremu kupitia pale ulipofungua chini. Wengi huliruka eneo hilo, na ndimo vumbi la miaka 20 limo.

Soda, makaa, siki

Soda ya kuokea ni msaada mdogo lakini wa kweli. Inyunyize juu ya kitambaa kikavu, iache usiku kucha ndani ya chumba kikavu, kisha inyonye kwa mashine. Hupunguza harufu zenye asidi, za jasho na maziwa yaliyochacha, kuliko inavyopunguza uvundo wa kuvu. Tahadhari mbili hapa. Usitumie magadi ya kupikia maharagwe yatokayo Ziwa Magadi ukidhani ni kitu kimoja. Magadi ni makali zaidi, hula rangi ya kitambaa na kuwasha ngozi. Wala usitumie ile pauda ya kuumulia keki, maana imechanganywa na wanga, na wanga ni chakula cha kuvu. Unataka soda tupu.

Makaa ya jikoni hunasa harufu kidogo sana. Yanayofanya kazi hiyo vizuri ni makaa maalumu yaliyotengenezwa kuwa na vitundu vingi mno, yale yanayotumika kwenye vichujio vya maji. Yakiwekwa kwenye vifuko vya kitambaa ndani ya kochi lililofunikwa shuka, kwa wiki mbili hivi, hunasa gesi zilizobaki. Yatumie mwishoni, kochi likiwa limekwisha kukauka.

Siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, hudhoofisha aina kadhaa za kuvu, si zote. Changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa cha pamba, kamua mpaka kisidondoshe, futa juu ya mbao na kitambaa. Harufu yake ya uchachu huondoka ikikauka. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 hukauka haraka zaidi na kwa hewa yetu hilo ni jambo la maana, lakini inashika moto: dirisha wazi, jiko limezimwa, hakuna anayevuta sigara. Isiguse mbao iliyopakwa shelaki (aina ya vanishi) ya zamani, itaivua. Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza mahali pasipoonekana na ungoje kikauke.

Sasa ile chumvi ya mikononi. Piga maji na tone la sabuni ya maji kwenye beseni mpaka yawe povu, chukua povu peke yake kwa brashi, sugua mkono wa kochi kwa upole, futa kwa kitambaa cha maji safi kilichokamuliwa, ukibadilisha kitambaa mara nyingi. Halafu feni moja kwa moja mpaka pakauke, siku ileile. Foronya zenye zipu zifue kabisa, suuza mara mbili. Unayeyusha chumvi kwa maji machache na kuyatoa kabla hayajafika kwenye pamba.

Hapa ndipo ninapogombana na usafishaji wa makochi kwa mashine kama unavyofanywa na baadhi ya watu wanaopita mitaani. Kochi linaloshwa asubuhi kwa maji mengi, linaachwa limependeza, na mwenye nyumba anaambiwa litakauka kufikia jioni. Juu litakauka. Ndani, sponji ya matakia imenyonya maji mengi, na kwa hewa ya Mombasa yanaweza kukaa siku kadhaa, ilhali tumeona kwamba kuvu inataka siku moja au mbili tu. Wiki moja baadaye uvundo ni mkali kuliko mwanzo, na mtu anaambiwa kitambaa chake ni kibovu. Ukimwita mtu wa mashine, muulize kwanza: atayavuta maji yote kwa mashine ya kunyonya, au ataliacha kochi likauke lenyewe? Jibu likiwa la pili, mshukuru umuage.

Yasiyoguswa

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haifai kwenye kochi. Inakula rangi, inadhoofisha nyuzi, na klorini hubaki juu huku maji yake yakizama ndani kuilisha kuvu iliyobaki. Kuichanganya na siki ni hatari kubwa: hutoka gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu. Ikichanganywa na dawa yenye amonia, au ikamwagwa juu ya mkojo mwingi, hutoka mafusho mengine ya aina hiyo. Mtu akishasikia macho na koo vinamuwasha, atoke nje mara moja, aache kila kitu.

Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo, naftalini, watu huvisokomeza chini ya matakia. Kwetu pwani hili lina uzito wa pekee. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, umeenea katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani ya Kenya ikiwemo, na wengi walio nao hawajui. Mvuke wa naftalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtu wa namna hiyo, na mtoto mchanga ndiye aliye hatarini zaidi. Vidonge hivyo havina kazi kwenye kochi ambalo mtoto analazwa.

Mafuta ya taa na petroli, ambavyo bado hupakwa kwa ajili ya kunguni na madoa, hugeuza kochi kuwa utambi. Mashine za ozoni za kuondoa harufu huudhi mapafu, hupasua mipira na kuchakaza sponji. Na usikaushe kochi kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa saa moja. Jiko hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na sponji ikishika moto huwaka haraka na kutoa moshi wenye sianidi. Chetezo nacho kisiwekwe chini ya kochi wala katikati ya matakia. Udi na ubani vina nafasi yake ya heshima katika nyumba zetu, na kochi lililokwisha kuwa safi na kavu hunukia udi kwa siku nyingi. Lakini moshi wowote unamdhuru mwenye pumu, kwa hiyo fukiza akiwa hayupo.

Kwa fundi

Sponji iliyoota koga ndani haisafishiki. Nalisema hili wazi kwa sababu ndipo watu hupoteza miezi. Vivyo hivyo pamba na sufi zilizoshikamana madonge, na gunia lililooza. Sponji ya miaka mingi iliyogeuka kahawia na kupukutika kama makombo ya mkate imekwisha hata kama hainuki. Usiivunje kwa mkono bila barakoa, maana sponji za zamani, hasa za samani zilizotoka nje, zingine zilitiwa kemikali za kuzuia moto ambazo baadaye zilipigwa marufuku. Tia kila kitu kwenye mifuko palepale, funga, toa nje.

Fremu ni jambo jingine. Msaji, mvule, mninga: mbao hizi zikikauka vizuri harufu nyingi huondoka. Mbao iliyokaa kwenye hewa ya asilimia 80 hutulia na maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake, na kuoza kwenyewe kunahitaji zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo fremu ya nyumba ya Mombasa isiyovujiwa kwa kawaida haiozi, inaota koga juu tu. Ikwanguliwe, ifutwe kwa siki au spiriti, ikaushwe siku kadhaa, kisha sehemu za ndani ambazo hazikupata kupakwa rangi zipakwe shelaki. Shelaki huziba harufu iliyobaki ndani ya mbao. Mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, zikishavimba, hazirudi, hizo zitupwe.

Mwambie fundi mapema: “Fundi, usinipigie kitambaa kipya juu ya sponji kuukuu.” Ndiyo njia ya mkato inayofanywa zaidi, na ndiyo inayomfanya mtu alipe mara mbili. Mwambie akuite kochi likiwa limefunguliwa lote, ulione kwa macho kabla hajafunga. Kitambaa cha chini kiwe chepesi kinachopitisha hewa. Foronya zote ziwe na zipu, ili ufue chumvi kila baada ya miezi michache badala ya kuingoja ikusanyike tena.

Likirudi nyumbani, liwe na miguu inayoliinua, na liache shibiri moja kati ya mgongo wake na ukuta. Vua ile plastiki ya dukani: inazuia vumbi, ndiyo, lakini inafungia jasho na mvuke chini yake. Nyumba ikifungwa kwa miezi kwa sababu wenyewe wako Ghuba au Nairobi, matakia yaachwe yamesimamishwa mbalimbali, milango ya ndani wazi, na jirani aombwe kufungua madirisha mchana wa jua na kuyafunga kabla ya magharibi.

Kazi iliyofanywa Januari hujulikana imefaulu Mei. Uvundo ukirudi wakati huo na kochi ni jipya ndani, acha kulihangaikia kochi. Lisogeze, uguse ukuta nyuma yake. Kuta za matumbawe zilipigwa chokaa kwa sababu chokaa hupumua. Zikipakwa rangi ya mafuta au kusilibwa kwa saruji, maji hufungiwa ndani ya mawe na kutafuta pa kutokea. Rangi iliyofura malengelenge, unga mweupe wa chumvi ukipukutika chini yake, ndiyo dalili. Hapo mwite mwashi anayejua chokaa, na fundi wa makochi mwache apumzike.